Mpira Niliouweka Kooni mwa Bahati

Ninyi mnaoshika sasa ufunguo wa chumba cha mazoezi cha shule yetu ya wauguzi, na ninyi mnaoingia humo na blauzi nyeupe ambayo bado ina mikunjo ya dukani, anayewaandikia ni Papa Amisi. Nilimchunga yule mtoto wa plastiki miaka kumi na tisa, mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi. Mmeniomba niandike namna ya kumtunza. Nitaandika. Lakini natanguliza jambo moja, mtu asije akasema Amisi amemuuzia tena mzigo bila kuufungua: niliharibu koo la mtoto yule kwa mikono yangu mwenyewe, nikanyamaza miaka mitatu, na kule Isangi mtoto mwingine, wa nyama na damu, alikaribia kufa kwa sababu hiyo. Nitafika huko. Nikianzia huko, kalamu itaniponyoka.

Bon. Tuanze na sabuni.

Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya kuogea, kitambaa laini. Hayo yanatosha. Ukitumia maji ya klorini ngozi yake itaanza kunata kama peremende iliyotafunwa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ukishamwosha mfute, mwache akauke kivulini, kisha mpake poda kidogo kama unavyompaka mtoto wa jirani. Usimwanike juani. Jua la Kisangani la saa saba lilimpinda mkono wa kushoto mwaka wangu wa kwanza, na tangu siku hiyo anaonekana kama mtu anayeomba lifti.

Wala usimlaze juu ya gazeti. Hilo nililipata kwa aibu ndogo, zile aibu unazoweza kuzisimulia mbele ya watu. Nilimlaza usiku mmoja tu, asubuhi wino ulikuwa umehamia mgongoni. Nilisugua mpaka kucha zikauma. Hadi leo ukimgeuza unaweza kusoma nusu ya habari juu ya bei ya petroli. Wanafunzi wakawa wanamgeuza zaidi ya inavyotakiwa, mpaka Mama Véro, mwalimu wa magonjwa ya watoto, akawapigia kelele:

"Eh! Hatugeuze mugonjwa ju ya kusoma habari ya muji! Munamugeuza ju asipate vidonda!"

Huyo Mama Véro ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi sikutoka hospitalini. Nilikuwa muuzaji wa vipuri vya baiskeli huku Makiso, karibu na bandari, na nilijulikana kwa mambo mawili: sikubali bei ya kwanza, na nahesabu kila kitu mara mbili. Mkuu wa shule ya wauguzi alikuja kwangu kununua minyororo miwili ya baiskeli, tukabishana karibu saa nzima, na mwisho akasema ni afadhali aniajiri niwe upande wake. Ndivyo nilivyokuwa mtunza vifaa. Sikuwa na cheti chochote. Nilikuwa na bisibisi.

Wiki niliyoingia, Bahati akafika kwa mashua, ndani ya sanduku, msaada kutoka kwa watu tusiowajua. Manekeni wa mtoto wa miaka mitano hivi: kichwa, kifua kinachofunguka, mikono ya kuchomwa sindano, tumbo, viungo vyote. Wanafunzi wa mwaka ule ndio waliompa jina. Karatasi ilisema vipande ishirini na vitatu. Nikahesabu, vikawa ishirini na viwili. Nikarudia, ishirini na viwili. Nikaenda kwa mkuu kumwambia tumeibiwa bandarini, nikiwa na hotuba tayari. Niliporudi Mama Véro alikuwa amesimama mlangoni ameshika mguu.

"Papa Amisi, hii ulikuwa umeikalia."

Kisha akaniambia neno ambalo nimewaambia wote waliopita mikononi mwangu. Nilikuwa nimeushika mwili wa Bahati kwa kifundo cha mguu, kichwa chini, kama kuku wa kuuza. Akamchukua, akamweka begani, kiganja chini ya shingo. "Banakuangalia," alisema, akionyesha wanafunzi kwa kidevu. "Venye unamushika huyu, ni vile watashika wa kweli."

Nilimsikia. Nilifuata upande wa kubeba. Upande mwingine niliusahau siku ulipohitajika, lakini tuendelee.

Mikono ya sindano ina ngozi ya kuvua. Kila mwanafunzi anapenda kuchoma palipokwisha kuchomwa, kwa sababu tundu la jana linapokea bila ubishi. Mama Véro alikuwa ananituma kila Ijumaa: "Zungusha hii ngozi, Papa Amisi. Banachoma mu tundu ya jana, banafikiri banajua." Basi izungusheni. Ikifika mwisho wa kuzunguka, badilisheni. Na ile damu ya bandia, msitie sukari ndani. Niliwahi kutengeneza damu ya sharubati, rangi nzuri kabisa, bei nzuri kabisa, na siku ya tatu sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye kiwiko cha Bahati. Mwaka uliofuata nikarudia ujinga uleule kwa njia nyingine: mafuta ya kulainishia mipira ya puani yalikwisha, nikatumia mawese. Puani mwa Bahati kukawa na harufu ya jikoni. Mwanafunzi mmoja alisema kila akimhudumia anapata njaa. Tumieni maji ya sabuni.

Kuna siku pini ya nyonga ilivunjika, na fundi wa kuchomelea niliyemwamini alikuwa mtaa wa Kabondo. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nikampakata Bahati, nimemfunika kitenge kichwa mpaka magoti kwa sababu ya vumbi. Mguu ukachomoza, mgumu, umenyooka. Mama mmoja muuza mikate akauona.

"Yeee! Huyu papa anabeba mutoto wa kufa ku toleka!"

Dereva wa toleka akasimamisha baiskeli, akageuka polepole. "Papa, uliniambia mutu moja. Maiti iko na bei yake."

Nikafunua uso. "Iko plastiki. Angalia."

Akagusa shavu, akafikiri. "Plastiki pia iko na bei yake."

Tulibishana toka pale hadi kwa fundi, na yule mama wa mikate anatufuata nyuma analia, na wengine wawili wameungana naye bila kujua wanamlilia nani. Nilipomfunulia na yeye alinitukana matusi ambayo sitayaandika, kisha akaniuzia mkate. Tangu siku hiyo namfunika mpaka kifuani tu, uso nje, nanyi fanyeni hivyo.

Hadithi hiyo niliisimulia miaka mingi na watu walicheka. Siku hizi nikifika kwenye "mutoto wa kufa" nawaachia wengine wamalize.

Haya. Koo.

Msiojua sonde, ni mpira mwembamba mrefu unaopitishwa puani hadi tumboni, ili mtoto asiyeweza kula apate maziwa. Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Ya mbele inakwenda mapafuni, ya nyuma tumboni. Sonde haijui njia. Anayejua ni mkono unaoishika. Waliomtengeneza Bahati walimpa njia zote mbili: ya mbele inafika kwenye mfuko wa mapafu, ya nyuma kwenye mfuko wa tumbo. Kila asubuhi mimi nilikuwa natia tumboni maji yenye rangi ya njano. Mwanafunzi anapima sonde kutoka pua hadi sikio hadi chini ya mfupa wa kifua, anaweka alama, analainisha, anapitisha. Kisha, kabla ya kumimina chochote, anavuta kwa seringi, yaani bomba la sindano. Yakija maji ya njano, yuko tumboni. Ikija hewa tupu, atoe, aanze upya. Hilo la kuvuta na kuangalia ndilo somo lenyewe.

Lakini wanafunzi ni watu, na watu wana haraka. Kila darasa kulikuwa na wawili watatu waliokosea njia wakamimina maji bila kuvuta. Hapo kazi inakuwa yangu. Kifua cha Bahati kina skrubu nane. Unafungua nane, unazihesabu, unatoa bamba la mbavu, unatoa mfuko wa mapafu, unamwaga maji, unaosha, unaanika siku mbili, kwa sababu usipokauka unaota ukungu na chumba kizima kinanuka soksi. Kisha unarudisha, skrubu nane, unazihesabu tena. Wiki nyingine nilifanya hivyo mara tatu. Mfuko ukachoka, ukaanza kupasuka kwenye mshono. Nikaziba, ukapasuka kando ya kiraka. Tuliandika barua kuomba mfuko mpya. Jibu halikuja.

Ilibaki wiki moja tufike mtihani wa vitendo. Mfuko umepasuka tena, uko kwenye kamba unakauka. Nikamwangalia Bahati, kifua wazi, na akili yangu ya Makiso ikaniletea ushauri. Nikakata kipande cha mviringo cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukubwa wa sarafu, nikakwangua, nikapaka gundi ya viraka, nikakibandika kwenye njia ya mapafu, ndani, pasipoonekana. Nikapitisha sonde mara kumi. Mara kumi ikafika tumboni. Nikapitisha nyingine kumi, nikiwa nimefumba macho. Tumboni.

Ilikuwa kazi safi. Hata sasa najua ilikuwa kazi safi, na hiyo ni sehemu ya ninachokionea haya.

Nilijiambia ni ya wiki moja. Kupuliza pumzi walikuwa wanajifunzia kwenye manekeni mwingine, yule wa kifua tu, basi hakuna atakayegundua, na mtihani ukipita nitaibandua. Mtihani ukapita. Hakuna hata mmoja aliyekosea sonde. Maji ya njano yalikuja kwa kila seringi, mpaka wa mwisho. Mama Véro alitoka na karatasi zake anang'aa.

"Papa Amisi, mwaka huu mikono yao imefunguka! Hata moja hajaenda mu mapafu?"

Sasa sikilizeni jibu langu, maana nilikuwa muuzaji na nilijua mnunuzi anataka kusikia nini. Nikamwambia: "Ni weye unafundisha muzuri, Mama."

Akacheka, akanipiga begani. Wanafunzi wakachanga wakaninunulia kitenge kwa kuwaandalia Bahati vizuri. Nikashona shati. Nikalivaa.

Baada ya hapo kubandua kukawa kugumu kuliko kubandika. Kila wiki ilikuwa na sababu yake. Skrubu zangu nane hazikufunguliwa tena, magoti yangu yakapumzika, chumba hakinuki. Darasa la pili likapita. La tatu likapita. Nilikuwa naona, siwezi kusema sikuona: seringi zilikuwa zinavutwa bila macho. Wanavuta huku wanaongea na jirani. Ya nini kuangalia kitu kinachokuja kila siku?

Katika darasa la tatu alikuwemo Espérance. Msichana wa vidole virefu, hana kelele, akimaliza zoezi anamfunga Bahati mgongoni kwa kanga na kuzunguka naye chumbani akipanga vyombo. Siku moja alibaki peke yake, akapitisha sonde mara nne mfululizo, kisha akaniangalia.

"Papa Amisi, huyu Bahati hakatae hata siku moja?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema, subiri, nitakufungulia kitu. Ningehitaji dakika tano na bisibisi.

"Anakupenda weye," nikamwambia.

Akacheka. Akaenda kunawa.

Alipomaliza masomo alipangiwa kituo kimoja cha afya upande wa Isangi. Mwaka haukuisha. Asubuhi moja nilikuwa nimempakata Bahati namfuta masikio, Mama Véro akaingia, akakaa kwenye kitanda cha mazoezi bila kuvua viatu, jambo ambalo alikuwa analigombeza kwa wengine.

"Unamukumbuka Espérance?"

"Wa vidole murefu."

"Ameacha kazi."

Akanieleza polepole. Waliletewa mtoto wa miaka mitatu, amekondeana kwa njaa na ugonjwa, hana nguvu ya kumeza. Espérance akapitisha sonde. Mtoto akakohoa kidogo tu, maana hakuwa na nguvu hata ya kukohoa. Akavuta seringi, mkono wake ukafanya yote uliyozoea, na macho yake yalikuwa kwenye kikombe cha maziwa. Akaanza kumimina. Nyanya wa mtoto ndiye aliyemkamata mkono: "Mama, wacha! Mutoto anabadilika rangi!" Akatoa sonde. Lakini maziwa kidogo yalikuwa yamekwisha kuingia mapafuni. Mtoto aliugua kifua wiki tatu, wakamleta huku mjini kwa pirogi, mtumbwi wenye injini, wiki ya kwanza kila asubuhi walikuwa hawajui kama atafika jioni.

"Alipona?" nikauliza.

"Alipona. Espérance, hapana. Anasema iko na mukono mubaya. Anasema mukono yake inaua, hatashika tena mutoto wa mutu." Mama Véro alikuwa anaangalia viganja vyake. "Na mimi nilimupa kumi na nane ju ya makumi mbili. Nilikosea wapi, Papa Amisi? Tangu jana najiuliza, niliona nini mu ile mukono?"

Bahati alikuwa magotini pangu. Kidole changu kilikuwa sikioni mwake na kitambaa. Kutoka hapo hadi kwenye ule mpira ni urefu wa kidole cha shahada.

Nikasema: "Pole, Mama."

Mkiwa mnatafuta aibu yangu kubwa iko wapi, msiitafute kwenye gundi. Iko hapo. Niliwaona wanawake wawili, mmoja mbele yangu na mwingine Isangi, kila mmoja amejitwika kosa langu na anapima uzito wake, na mimi nikawapa pole. Kisha nikaendelea kufuta sikio la pili.

Nilikaa hivyo siku kumi na moja. Nilikuwa napiga hesabu kichwani. Nikisema, nitafukuzwa kabla ya kustaafu. Nikisema, Mama Véro hataniangalia tena. Nikisema, mtoto amepona tayari, faida iko wapi? Nikibandua kimya kimya bila kuulizwa, nani ataumia? Nilibishana na nafsi yangu kama nilivyokuwa nabishana sokoni, na kila mara nilipata bei nzuri.

Kilichovunja biashara hiyo ni mwanafunzi mmoja wa darasa la nne, anamwelekeza mwenzake aliyekuwa anaogopa. Nilikuwa nyuma ya kabati. "Usiogope sonde," alimwambia. "Sonde ni ya kwenda tu. Inajua njia yenyewe. Ile ya kuvuta unafanya ju Madame anaangalia."

Nikaweka chini nilichokuwa nimeshika. Nikamfuata Mama Véro ofisini. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yenye barua zisizojibiwa, mfuko uliopasuka, magoti. Nilipofungua mdomo yakatoka matano tu: "Mama, nilifunga njia ya mapafu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwonyesha kwa vidole ukubwa wa kile kipande.

"Toka lini?"

"Madarasa tatu. Na hii."

Mama Véro akafunga daftari lake. Akasimama. "Kamata bisibisi. Utafungua mbele yao."

Nikafungua mbele yao. Skrubu nane, na siku hiyo sikuzihesabu hata mara moja. Kipande kikatoka na koleo, cheusi, kimekauka, bado na namba ya kiwanda cha mpira juu yake. Mama Véro akakiweka kwenye sahani ya chuma mezani, akawaita wanafunzi kumi na wawili, mmoja mmoja, wapitishe sonde. Saba walikwenda mapafuni. Wanne kati ya hao saba walivuta hewa tupu na wakanyanyua kikombe wamimine. Yule aliyesema sonde inajua njia alikuwa mmojawapo. Alikaa chini sakafuni.

Hakuna aliyenitukana. Ningependelea yule mama wa mikate.

Walipotoka nikamwomba Mama Véro ampigie simu Espérance. Akafunga blauzi yake vifungo vyote kabla ya kujibu. "Mimi? Hapana. Ile maneno ni yako. Utaibeba weye mwenyewe mpaka Isangi."

Nikapanda mashua. Siku nzima juu ya magunia ya chumvi, na mtu mmoja kando yangu anataka tubishane bei ya samaki, namjibu ndiyo kwa kila bei mpaka akaniogopa.

Nilimkuta Espérance sokoni, karibu na maji, ana meza ndogo ya sabuni na mishumaa. Aliponiona alisimama kwa furaha, akafuta kiti kwa mkono. "Papa Amisi! Umefika huku kufanya nini? Bahati iko muzima?"

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, na swali lake la siku ile na jibu langu. Alikuwa anapanga vipande vya sabuni nikiongea, anavisogeza, anavirudisha. Nilipomaliza vilikuwa vimenyooka kabisa.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuwa nakuuliza ju mukono yangu ilikuwa inanigopesha. Nilikuwa naona haiwezekane mutu akuwe anapata kila siku. Na weye ukanichekesha."

"Ndiyo."

"Ule mutoto, nyanya yake anakuja kuuziwa sabuni hapa. Ananisalimia muzuri. Unajua iko namna gani, mutu kukusalimia muzuri?"

Nikasema kitu ambacho nilidhani ndicho nilichomletea, nikadhani ni zawadi: kwamba mkono wake haukuwa mbaya, kwamba sasa anaweza kurudi kazini, Mama Véro anamngoja.

Akaniangalia kama tunavyomwangalia mteja anayetaka kitu na chenji juu. "Papa, usinipange. Mimi sikuangalia seringi. Ile ni yangu, nitabaki nayo. Yako ni ingine." Akachukua kipande cha sabuni, akakifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mteja aliyekuwa anangoja nyuma yangu. Kisha akauliza: "Ku madarasa yote tatu, tulikuwa wangapi?"

"Sitini na saba. Nilihesabu mara mbili."

"Na umesha ambia wangapi?"

"Weye."

"Moja," akasema Espérance, na akamgeukia mteja wake.

Mpaka ninapoandika hajarudi kwenye uuguzi. Sijui kama atarudi. Simwombi tena, maana kila nikimwomba nakuwa najiombea mwenyewe.

Mama Véro alinipa majina kutoka kwenye daftari lake la darasa. Nilistaafu muda wangu ulipofika. Mkuu wa shule aliniita, akanisikiliza, akasema maneno aliyoyasema, na niliyastahili. Tangu hapo kazi yangu ni ile orodha. Wengine nimewapata kwa simu. Wengine nimewafuata kwa toleka, kwa mashua, kwa pikipiki hadi mwisho wa barabara. Kila mmoja namwambia maneno yaleyale, na nimejifunza kuyasema mafupi. Kuna aliyenikatia simu. Kuna aliyelia. Mmoja alisema, "Kumbe ni ju ya ile," na hakunieleza ile ni nini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Naondoka na hiyo pia.

Nimefika hamsini na wanane. Nimehesabu leo asubuhi, nimerudia mchana. Wamebaki tisa, namba zao za simu hazipatikani na jamaa zao hawajui walikohamia.

Ndiyo sababu nilikubali mliponiomba niandike juu ya kumtunza manekeni. Sabuni na poda ningeweza kuwaeleza kwa mdomo. Ninaandika kwa sababu karatasi inafika pasipofika toleka. Basi msiiweke kabatini. Ipitisheni, isomeni kwa sauti kwenye vituo vya afya, mpelekeeni rafiki aliyesoma kwetu miaka ile.

Na wewe, kama ulisoma kwetu, hujasikia haya mdomoni mwangu, na sonde yako kwa Bahati haikukosea njia hata siku moja, wewe ni mmoja wa wale tisa ninaowatafuta. Haukuwa ustadi wako. Ilikuwa gundi yangu. Kesho asubuhi, kabla hujamimina, vuta seringi na uiangalie kwa macho yako mawili. Kama huna uhakika, toa, uanze upya, hata nyanya wa mtoto akinung'unika. Na siku ukifika Kisangani pita shuleni, uombe ukae na Bahati nusu saa. Njia zote mbili ziko wazi sasa. Utakosea. Ukosee hapo, kwake.